MOSHI WA MWENZIO KAZINI: SHERIA ILITUNGWA KWA AJILI YA NANI?

 

Somo la leo nimeletewa na dada mmoja wa kwetu. Ameniruhusu nilisimulie, ila sitataja jina lake, mji wake wala mahali anapofanya kazi. Ana miaka ishirini na kitu, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Alikwenda kuandikishwa kwa mkunga, mumewe akamsindikiza. Kina mama mliozaa hapa Uingereza siku hizi mnajua: siku ya kwanza kabisa mkunga hukupa kifaa kidogo chenye mrija, unavuta pumzi, unaibana, halafu unapuliza taratibu. Kile kifaa kinapima gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Ikitoka namba 4 au zaidi, mkunga anatakiwa akuulize maswali zaidi.

Yake ilitoka 11.

Mkunga akamuuliza kwa upole kama anavuta sigara. Akasema hapana. Mumewe je? Hapana. Nyumbani kuna mtu anayevuta? Hapana. Wakaambiwa wakaangaliwe boila ya gesi, maana boila mbovu nayo hutoa gesi hiyo hiyo. Fundi akaja, boila nzima. Sasa hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mume akaanza kumtazama mkewe kwa jicho jingine. Dada akanipigia simu analia. "Anti, wallahi mimi sijawahi kuvuta hata pafu moja maishani mwangu. Mume wangu haniamini tena. Kile kipimo si kimekosea?"

Nikamwuliza swali moja tu: mwanangu, unafanya kazi wapi?

"Kwenye mkahawa wa shisha, Anti. Mimi ndiye ninayewasha makaa na kuwabadilishia wateja."

Kipimo hakikukosea. Na dada yetu hakusema uongo.

MKAA NI ULE ULE

Sisi tuliokulia nyumbani hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Nani hajaonywa na mama yake asilale na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi? Nani hajasikia habari ya watu waliolala na jiko wakakutwa asubuhi wamekwisha kufa, hakuna jeraha, hakuna damu? Gesi iliyowaua ni kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa kwenye kiti cha oksijeni, inaking'ang'ania, na oksijeni inabaki imesimama. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, mwili mzito. Dada yetu alikuwa na dalili zote hizo, akadhani ni mimba tu.

Kwa mtoto aliye tumboni jambo ni zito zaidi, kwa sababu oksijeni yake yote inatoka kwenye damu ya mama. Moshi na gesi hii vinahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kuzaliwa kabla ya siku zake, na hata kuzaliwa akiwa amekwisha kufa.

Watu wengi husema shisha si kitu, moshi wake unapita kwenye maji, unasafishwa, tena unanukia tufaha. Maji yanaupoza moshi tu, hayauondolei sumu. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwaka 2005 kwamba mtu akivuta shisha kwa saa moja anaweza kuingiza moshi mwingi mara 100 hadi 200 kuliko wa sigara moja. Ukiongeza na gesi ya makaa yenyewe, pata picha ya chumba chenye mabomba kumi na watu arobaini! Mteja anakaa saa mbili anaondoka zake. Mfanyakazi yumo humo tangu saa kumi jioni mpaka saa tisa usiku, siku tano kwa wiki, naye ndiye anayeinama juu ya jiko kupuliza.

Upande wa sigara za kawaida tunajua mengi zaidi. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti kubwa iliyosema kwamba hakuna kiwango cha moshi wa mwenzio kilicho salama. Asiyevuta, akiishi au kufanya kazi pamoja na moshi, hatari yake ya ugonjwa wa moyo inaongezeka kwa asilimia 25 hadi 30, na saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Chembe za damu zinazogandisha huanza kunata baada ya muda mfupi tu ndani ya moshi. Ndiyo maana mtu mwenye moyo dhaifu anaweza kupata shambulio bila ya kusubiri miaka.

SHERIA HII ILIPIGANIWA

Nilipofika nchi hii nilikuwa na cheti changu cha unesi kutoka Tanga mfukoni, lakini kabla ya kusoma upya na kusajiliwa hapa nilianza kama wengi wetu, msaidizi kwenye nyumba ya wazee. Mwaka 2006 hapo kazini kulikuwa na chumba kimoja cha mapumziko, na ndicho kilichokuwa cha kuvutia sigara. Ukitaka kula wali wako uliotoka nao nyumbani, unaulia ndani ya wingu. Mtandio wangu ulikuwa ukinuka hata baada ya kuufua. Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, na nilidhani ndiyo maisha ya Ulaya yalivyo.

Kumbe wakati ule ule watu walikuwa wakipambana kwa ajili yangu bila ya kunijua. Ireland ndiyo iliyoanza, tarehe 29 Machi 2004, ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, zikiwemo baa. Scotland ikafuata tarehe 26 Machi 2006. England serikali ilisitasita. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuziacha nje baa zisizouza chakula pamoja na vilabu vya wanachama. Sasa jiulizeni, ni nani wanaofanya kazi katika baa za namna hiyo? Ni watu wa kipato cha chini, ndio wangeachwa kwenye moshi. Madaktari, manesi, vyama vya wafanyakazi na vyama vya afya wakakataa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: pafu la mhudumu wa baa lina tofauti gani na pafu la karani wa benki? Tarehe 14 Februari 2006 wabunge waliruhusiwa kupiga kura kwa hiari yao, na kura 384 dhidi ya 184 zikataka marufuku kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2006 ikapita. Wales ilianza tarehe 2 Aprili 2007, Ireland ya Kaskazini tarehe 30 Aprili, na England Jumapili ya tarehe 1 Julai 2007. Jumatatu yake nilipoingia kazini vile visahani vya majivu havikuwepo tena. Nikala wali wangu kwa raha!

Nawakumbusha historia hii kwa sababu wengi wetu tunadhani sheria hii ni adhabu kwa mvutaji. Siyo hivyo ilivyozaliwa. Huko Ottawa, Canada, alikuwepo mama mmoja, Heather Crowe, aliyehudumu mezani mikahawani kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakuwahi kuvuta sigara. Mwaka 2002 akaambiwa ana saratani ya mapafu. Badala ya kujifungia ndani akazunguka nchi nzima kuwaeleza wanasiasa kilichompata kazini, na bodi ya fidia ya wafanyakazi ya Ontario ikakubali kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Alifariki tarehe 22 Mei 2006, siku tisa kabla ya sheria ya Ontario kuanza kutumika. Hapa Uingereza wenyeji wa umri mkubwa watakutajia Roy Castle, mpiga tarumbeta na mtangazaji aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1994. Naye hakuwa mvutaji, na aliamini maradhi yake yalitokana na vilabu vyenye moshi alivyokuwa akipigia muziki.

Je, sheria ilisaidia? Scotland walihesabu wagonjwa wa moyo katika hospitali tisa kabla na baada ya sheria. Waliolazwa kwa shambulio la moyo na maumivu yanayofanana nalo walipungua kwa asilimia 17, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa kwa watu wasiovuta. Huko huko, watoto waliokuwa wakilazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kila mwaka, na baada ya sheria wakaanza kupungua. Na England, ambako tayari sehemu nyingi zilikuwa zimeacha moshi kwa hiari, mwaka wa kwanza ulikuwa na wagonjwa wa dharura wa shambulio la moyo wapatao 1,200 pungufu. Mimi nimewahi kufanya kazi wodi ya moyo. Watu 1,200 si namba ndogo, ni vitanda, ni wajane.

BASI SHERIA INASEMA NINI HASA?

Nitaeleza ya England, maana ndiko ninakofanya kazi. Sehemu yoyote iliyofungwa, au iliyofungwa kwa kiasi kikubwa, ambayo watu zaidi ya mmoja wanafanya kazi au umma unaingia, haina ruhusa ya moshi hata dakika moja, hata saa nane usiku wateja wakiwa wameondoka. Haijalishi unalipwa kwa benki, kwa pesa mkononi au unajitolea.

Maneno "iliyofungwa kwa kiasi kikubwa" ndiyo yanayochezewa sana na wenye mikahawa ya shisha, kwa hiyo yashikeni vizuri. Kama pana paa la aina yoyote, hata turubai la kukunjwa, basi angalau nusu ya eneo la kuta lazima liwe wazi moja kwa moja. Chukua kibanda chenye kuta nne zilizo sawa: mbili zisiwepo kabisa. Madirisha na milango haihesabiwi kuwa uwazi, kwa sababu inafungwa. Sasa bosi anajenga banda nyuma ya duka, paa la plastiki, kuta tatu na nusu, anakuambia "hapa ni nje". Si nje hata kidogo.

Na lile la "shisha yetu haina tumbaku, ni majani tu"? Sheria inataja tumbaku au kitu kingine chochote kinachowashwa na kuvutwa. Majani nayo yamo. Na feni je? Feni inaondoa harufu na kukupa ubaridi. Haiondoi moshi wote, na kwa sheria haihalalishi kitu.

Anayevuta mahali palipokatazwa anaweza kupigwa faini ya papo kwa papo ya pauni 50. Mwenye mahali, au msimamizi anayeacha watu wavute, anaweza kutozwa mahakamani mpaka pauni 2,500. Mnaona mzigo mkubwa umewekwa wapi.

Madereva wa teksi na minikabu, nanyi mmo. Gari la abiria ni sehemu ya kazi wakati wote, hata likiwa tupu, hata ukiwa umeegesha unasubiri simu. Kufungua dirisha hakusaidii. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2015, England na Wales, hata gari lako binafsi la kufunika halivutwi sigara ndani akiwemo mtoto chini ya miaka 18.

Kuna walioachwa, nao ni wengi katika jamii yetu. Nyumba ya mtu binafsi haimo kwenye sheria hii, na dada na kaka zetu wengi wanafanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani. Unaingia asubuhi kumwogesha mzee, chumba chote moshi, dirisha halijafunguliwa tangu Krismasi! Huwezi kumpiga faini, ni nyumbani kwake. Lakini mwajiri wako bado ana wajibu chini ya Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974 wa kukulinda kadiri inavyowezekana. Mwombe aandike kwenye mpango wa huduma kwamba mteja asivute saa moja kabla hujafika na wakati ukiwepo, na dirisha lifunguliwe. Mwenye pumu au mja mzito apangiwe nyumba nyingine. Na hapa niongeze la kiuguzi: mgonjwa mwenye mashine ya oksijeni nyumbani akivuta sigara, au aliyepakwa mafuta ya ngozi mwili mzima ambayo yameshaingia kwenye nguo na mashuka, anaweza kuwaka moto. Hilo usingoje kesho, ripoti siku hiyo hiyo.

Wasomaji wa nchi nyingine, sheria zenu ni tofauti. Marekani hakuna sheria moja ya taifa zima kwa sehemu za kazi, kila jimbo na mji una yake. California ilifunga ofisi na mikahawa mwaka 1995 na baa mwaka 1998, mji wa New York mwaka 2003. Uliza ya jimbo lako. Nyumbani nako wapo waliotutangulia kwenye shisha: Uganda iliipiga marufuku kabisa katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na Rwanda mwishoni mwa mwaka 2017.

UKIWA NDANI YA MOSHI, UFANYE NINI?

Anza kwa kuandika. Daftari dogo linatosha: tarehe, saa ulizokaa, nani alikuwa akivuta, ulijisikiaje. Tunapenda kulalamika kwa mdomo jikoni, lakini mdomo hauna ushahidi. Kisha mweleze msimamizi, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu au barua pepe ili ubaki nao. Wengine hubadilika hapo hapo, hasa wakijua kwamba faini ni yao.

Asipobadilika, anayesimamia sheria hii ni kaunsili ya mji wako, idara ya afya ya mazingira. Unaweza kuwaomba wasitaje jina lako. Mtu aliyeajiriwa akifukuzwa kwa sababu amelalamikia hatari ya afya kazini, sheria inahesabu kufukuzwa huko kuwa si halali hata kama ana wiki mbili tu kazini. Acas wanatoa ushauri bure kwa simu, Citizens Advice pia, na kama uko kwenye chama cha wafanyakazi mwone mwakilishi wako. Usichelewe, kesi za kazi zina ukomo wa muda mfupi. Mwenye wasiwasi na karatasi zake za uhamiaji aongee kwanza na mwanasheria kabla ya kuandika chochote chenye jina lake. Nasema hivi wazi kwa sababu najua ndiyo inayotufunga midomo.

Mja mzito ana haki ya ziada. Mwarifu mwajiri KWA MAANDISHI kwamba una mimba. Kuanzia hapo anatakiwa apime hatari za kazi yako na kuziondoa. Akishindwa abadilishe kazi au saa zako, akishindwa akupe kazi nyingine inayofaa, akishindwa na hilo akupumzishe kwa mshahara kamili. Kukufukuza kwa sababu ya mimba ni kosa tangu siku yako ya kwanza.

Na wewe unayevuta mwenyewe, sikuja kukusema. Nenda kwa GP au famasia, waambie unataka kuacha, na kama Kiingereza kinakusumbua omba mkalimani wa Kiswahili, NHS haikutozi pesa kwa hilo. Ukiumwa kichwa ghafla na kizunguzungu ndani ya chumba chenye makaa, toka nje kwanza upate hewa, maswali baadaye. Aliyezimia mtoe nje kama unaweza bila ya kujihatarisha, na upige 999.

Tumrudie dada yetu. Nilimsaidia kuandika barua ya mistari sita. Bosi wake alikasirika siku mbili, akasema nchi hii imewaharibu wanawake wetu, halafu kuna mtu alimweleza sheria, akamhamishia kwenye jiko lao jingine la vyakula, jengo tofauti. Mume nilimketisha mwenyewe nikamweleza habari ya makaa. Aliinamisha kichwa. Wiki ya 36 mkunga alimpa tena kile kifaa apulize. Ilitoka 1.

Aliyechukua nafasi yake ya kuwasha makaa ni kijana wa miaka kumi na tisa, naye ni wa kwetu, ameingia nchini karibuni. Juzi dada amenipigia tena. Kijana anaumwa kichwa kila jioni, na ameomba anakili ile barua yetu, ila atoe maneno ya mimba.

Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumzia presha na chumvi.

Ni mimi nesi wenu.